Mwanangu haumwi, msimwandikie UTI



Leo hatuna pishi wala mshono. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wetu ni wa karatasi: ile fomu ya bima ambayo karani wa dirishani huianza kabla mtoto hajaonana na daktari, na daktari huimalizia baada ya kumwona. Siku hizi pengine si karatasi tena, ni kompyuta, lakini mambo ni yale yale. Tunasema wazi kwamba humo mnaandikwa uongo juu ya watoto wetu wa kike, na kwamba kuna watu wanaoona sawa tu uendelee.

Wenye kadi mnaijua safari yenyewe. Una binti wa miaka 13, kavunja ungo mwaka huu. Ramadhani inakaribia, itakuwa mara yake ya kwanza kufunga kwa wajibu, na wewe unamwona siku za hedhi anavyopauka midomo. Unataka apimwe damu. Unataka aangaliwe macho, maana mwalimu wa skuli kasema anakunja uso akisoma ubaoni. Unataka na yeye apate kumuuliza mtu mwenye elimu yale anayoona haya kukuuliza wewe. Unachukua kadi, ile unayokatwa mshahara kila mwezi, mnakwenda. Unaulizwa: anaumwa nini? Unajibu haumwi, nimemleta aangaliwe. Kalamu inasimama hapo hapo.

Bila ugonjwa, unaambiwa, faili halifunguki. Ama ulipe taslimu, ama "tutafute kitu." Na hicho kitu, tumeona sisi na mabinti zetu katika vituo zaidi ya kimoja hapa mjini, karibu kila mara ni UTI. Hatutaji vituo, maana tukivitaja watu watadhani tatizo ni la nyumba mbili tatu, kumbe ni mtindo wa kazi.

Tueleze kidogo namna pesa inavyotembea, kwa sababu wengi wetu tunatia saini bila kujua tumetia nini. Kituo kikitaka kulipwa na bima hupeleka madai. Kwenye madai kuna mambo mawili. La kwanza ni kilichofanyika: kumwona daktari, kipimo, dawa, kila kimoja na bei yake katika kitita cha mafao. La pili ni sababu ya kufanyika, na hiyo huandikwa kwa namba ya ugonjwa. Namba hizo hakuzitunga karani. Zinatoka katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, iliyopitishwa mwaka 1990. Kila maradhi yana herufi na tarakimu zake. N39.0 ndiyo ile UTI maarufu. D50 ni upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma. B65.0 ni kichocho cha mkojo. Bima ikiona kilichofanyika kinaendana na sababu, hulipa. Visipoendana, madai yanarudishwa na kituo kinabaki na hasara.

Sasa sikilizeni hili. Ndani ya orodha hiyo hiyo kuna sura nzima ya herufi Z, na sura hiyo ni ya watu waliofika hospitali bila ya kuwa wagonjwa. Z01.0 ni kupima macho. Z01.2 ni kukaguliwa meno. Na Z00.3, wallahi ipo, ni uchunguzi wa ukuaji wa kijana anayebaleghe. Mtoto wetu ameandikiwa mstari wake zaidi ya miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mtoto mzima hana namba. Namba anayo. Kinachokosekana ni mlipaji aliyekubali kuitia bei, na karani aliyefundishwa kwamba ipo.

Hapa Zanzibar jambo hili lina sababu ya kutuuma zaidi kuliko zamani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitangazwa bure, na pamoja na upungufu wake wote, uzuri mmoja wa bure ni kwamba hakuna aliyehitaji kudanganya ili mtoto apimwe. Hapakuwa na madai, basi hapakuwa na kisa. Siku hizi tumeingia katika zama za kadi. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar umeanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023 na ukaanza na watumishi wa umma, na kadi za makampuni binafsi zilikuwepo kabla yake. Hatusemi kwamba Mfuko ndio uliotukatalia. Waliotukatalia ni wengine. Tunausemesha kwa sababu bado ni mchanga, na nguo hurekebishwa kabla haijapigwa mshono wa mwisho. Katika zama za kadi, kisichoandikwa hakilipwi, na kisicholipwa baada ya muda hakifanywi.

Turudi kwenye uongo wenyewe, maana tumesikia watu wakiuita "kusaidiana." Karani anamsaidia mama, daktari anakisaidia kituo, mtoto anaangaliwa, nani kaumia? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 katika Suratul Baqarah, imekuja kufundisha kuandikiana deni, na mwandishi akatakiwa aandike kwa uadilifu. Madai ya bima ni deni. Kituo kinamwambia mlipaji: unanidai kitu au nakudai kitu, na ushahidi wangu ni huu hapa. Ushahidi huo ukiwa ni maradhi ambayo mtoto hana, basi tumeandika deni kwa uongo na tumemfanya mtoto wa miaka 13 kuwa shahidi bila ya kumuuliza. Hilo si kusaidiana.

Na ukiondoa dini kabisa, ukatazama dunia tu, madhara yapo mezani.

Kwanza dawa. Fomu ikisema UTI, mtu akiikagua atauliza: mbona hakupewa dawa? Basi mtoto anaandikiwa antibiotiki ili karatasi zikubaliane. Mama mwenye akili anaziweka kabatini. Mama mwenye khofu anampa mtoto azinywe siku saba. Halafu kwenye semina tunahubiriwa juu ya usugu wa dawa, kana kwamba ni sisi wa mitaani tu tunaonunua vidonge viwili viwili dukani.

La pili ni lile linalotuuma hasa, na tutakaa nalo kidogo. Kila mwanamke wa kisiwa hiki anajua neno UTI linavyosikika likisemwa juu ya msichana ambaye hajaolewa. Daktari atakwambia, na ni kweli, kwamba hata mtoto mchanga hupata maambukizi ya njia ya mkojo, na kwamba hayana uhusiano wa lazima na mambo ya wanaume. Lakini mtaani hawaendi kwa daktari, wanakwenda kwa dhana. Msichana mwenye UTI tatu katika faili lake, zote za kubuni, amebebeshwa faili la mtu mwingine. Siku moja litasomwa na nesi anayemjua shangazi yake. Au ujumbe utaingia katika simu ya baba, kwa sababu kadi ni ya baba, na baba ataona jina la binti yake na aina ya huduma. Tunayo nyumba tunayoijua ambayo binti alihojiwa usiku kucha kwa maradhi ambayo karani aliyachagua kwa sababu ndiyo ya mwanzo yaliyomjia kichwani. Watu wa mifumo wanaita hii "taarifa ya mwanachama." Sisi tunaita kumvunjia mtoto heshima yake.

Tena tazama ilivyo kinyume. Katika Unguja hii, hasa upande wa kaskazini, Chaani, Kinyasini na vijiji vya jirani, kichocho cha mkojo ni maradhi ya kweli. Watoto wanaoga na kufua katika vijito, wanarudi nacho. Kwa wanawake na wasichana kichocho hicho hicho huweza kuingia katika via vya uzazi, kikaleta damu, maumivu na majimaji, na wahudumu wasiokifahamu hukidhania ni maradhi ya zinaa. Basi msichana mwenye kichocho kweli anaandikiwa UTI, anapewa antibiotiki isiyoua mdudu hata mmoja, badala ya dawa yake, praziquantel, ile wanayogaiwa skuli. Na msichana asiye na kitu naye anaandikiwa UTI. Anayekaa ofisini akijumlisha UTI za Unguja kwa mwaka, anajumlisha nini? Wagonjwa wa kweli, wagonjwa wa kichocho, watoto wazima waliotaka kupimwa macho, wote ndani ya kapu moja. Halafu kwa hesabu hiyo anapanga bajeti ya dawa.

Na hao waliokwenda kuangaliwa tu wakiwa wazima, hawaonekani popote. Wakubwa wakikaa kikao wataambiwa: hakuna mahitaji, akina mama hawawaleti mabinti bila ugonjwa. Tunawaleta! Nyinyi ndio mnaotuandika kwa jina jingine.

Tunajua jawabu la watu wa bima, tumeshalisikia. Mfuko ni mdogo, wagonjwa ni wengi, tukianza kulipia wazima tutafilisika. Ni hoja, wala hatuichezei. Lakini mtazameni jirani. Bara walikuwa na Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mzazi akilipa Sh 50,400 kwa mwaka kwa mtoto aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2023 utaratibu wa kumwandikisha mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, na sababu kubwa iliyotolewa ni kwamba wazazi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuumwa, wazima wakaachwa nyumbani, michango haikutosha matibabu. Wengi waliwalaumu wazazi. Sisi tunauliza: mzazi wa mtoto mzima alikuwa akipewa kitu gani alipe? Kadi isiyomjua mtoto mpaka augue itapata wateja waliougua. Mpe mama siku moja kwa mwaka ya kumleta mtoto wake akiwa mzima, apimwe, aulize, arudi na karatasi yenye maana, na mtaona mama wa watoto wazima nao wanaleta michango yao.

Gharama yenyewe ni ipi? Mizani, kipimo cha urefu, presha, tone la damu kupima wekundu wa damu, ubao wa herufi za macho, na nusu saa ya nesi mwenye subira. Upande wa pili wekeni saratani ya shingo ya kizazi, ambayo inaongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania miongoni mwa saratani zote. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wamepanda boti kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kufuata mionzi: nauli, pa kulala, mtu wa kumfuata mgonjwa, watoto wameachwa kwa bibi. Chanjo ya HPV inayoizuia ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Hutolewa bure, na skuli zimefanya kazi kubwa. Lakini aliyekuwa mgonjwa siku ile, aliyehamia kutoka Pemba, ambaye mama yake alisikia maneno ya barazani akamzuia, anakamatwa wapi? Anakamatwa siku anapofika kituoni mzima na mtu akamuuliza: umechanjwa? Siku hiyo ndiyo isiyolipwa.

Tunasikia pia kwamba haya ni mambo ya kizungu, kumpeleka hospitali mtu mzima wa afya. Jamani! Nani kati yetu hakupelekwa kwa somo? Msichana wa Unguja akivunja ungo alikuwa na mtu wake. Somo alimtazama, akamuuliza, akamfundisha josho, usafi, hedhi na hesabu yake, akamjua kama anapata maumivu yasiyo ya kawaida. Mwari hakuwa mgonjwa. Hakuna aliyesema tuandike kwanza ana homa ndipo somo aje. Na somo alipewa haki yake, doti ya kanga na fedha mkononi, kwa kazi yenye jina lake. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini hapa kwetu alijulikana pia kwa unyago, na unyago ni kazi ya kumshughulikia msichana aliye mzima. Bibi zetu wasiojua kusoma walikuwa na mstari wa Z00.3 katika mila zao. Wajukuu wenye kompyuta hawana.

Kwa akina mama wenzetu tuna neno pia, msidhani tunagombana na makarani peke yao. Wapo wanaokataa kumpeleka binti kwa khofu kwamba "atakaguliwa." Semeni jina lake: mnaogopa kupimwa bikira. Ziara ya afya haina kitu hicho ndani yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka upimaji huo ukomeshwe kila mahali kwa kuwa hauna msingi wowote wa kitabibu. Mtu akitaka kumfanyia binti yako hivyo, inuka mwondoke. Na mama mwenye haki ya kukaa chumbani na mwanawe, ampe pia dakika chache peke yake na nesi wa kike. Atakayoyasema huko ni yale ambayo kama si nesi, atamwambia shoga yake wa darasani, na huyo hajui lolote.

Watoto wa kiume tumewaacha kando leo si kwa sababu hawana haki. Wao hali yao ni mbaya zaidi: wakishatahiriwa, mara nyingine kuonana na daktari ni siku ya kuvunjika mkono mpirani. Tutawaandikia.

Kwa wanaotuuliza wenzetu wanafanyaje: Marekani ziara ya mwaka ya kijana wa miaka 12 hadi 17 ina namba yake ya malipo, 99394 kama kituo kinamjua tayari, na sheria ya mwaka 2010 imezitaka bima nyingi ziilipe bila mzazi kutozwa dirishani. Huko nako kuna mitego. Mtoto akitaja goti linalouma, daktari anaweza kuongeza namba ya pili ya maradhi na bili ikafika nyumbani. Hatuisifu Marekani kwa matibabu, Mungu atuepushe na bili zao. Tunasema tu kwamba ziara hii inaandikika na inalipika.

Tunachokitaka si kikubwa. Kila mlipaji anayeuza au kutoa kadi Zanzibar, wa umma na wa binafsi, aweke katika kitita chake ziara moja kwa mwaka ya kijana wa miaka 10 hadi 19, kwa namba yake halisi, yenye bei inayotosha kumlipa nesi kwa nusu saa. Ujumbe unaokwenda katika simu ya mwenye kadi useme huduma imetolewa na kiasi gani kimelipwa, basi; habari za mwili wa binti zibaki kwa binti, mama na daktari. Vituo viwafundishe makarani sura ya Z, ni kazi ya asubuhi moja. Na faili ambazo zimeshajazwa maradhi ya kubuni, mzazi akija kuomba lirekebishwe, arekebishiwe bila kuzungushwa.

Mkikataliwa, msikubali "kitu" kitafutwe. Ombeni mwandikiwe kwamba mfumo hauruhusu mtoto mzima kuangaliwa, kwa saini na tarehe. Wengine watakataa kuandika, nayo ni habari, wekeni siku na saa. Tunakusanya karatasi hizo mpaka Idi, majina ya watoto yakiwa yamefutwa, na baada ya hapo tutakwenda nazo kwa walipaji mmoja mmoja, kuanzia wale wanaotukata mshahara.

Wassalaam.